Vyuma vya bibi na fundo la mfumaji

Swali la msomaji: "Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Nyakato, Mwanza. Natengeneza hereni na bangili za waya na shanga, nauza kwa oda. Bibi yangu mzaa mama alifanya kazi Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, upande wa kufuma kwa miaka mingi. Alifariki mwaka jana, akaacha kopo la maziwa lenye vyuma vidogo: vibamba vyembamba vyenye urefu wa kalamu, vipete vidogo vyenye umbo la herufi C, na bobini mbili za mbao. Nataka kutengeneza mkusanyiko wa urembo unaotokana na kiwanda cha nguo. Nimechora maua ya pamba, wateja wanayapenda, ila mwenyewe naona kuna kitu hakipo. Nianzie wapi? Vyuma hivi vinavalika? Na je, nivitumie au niviache vilivyo?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na bibi.

Umelitaja kopo la maziwa kwa sentensi moja, kisha ukarukia maua. Mimi nitaanza na kopo, maana nadhani hakuna aliyewahi kukueleza kilichomo.

Vile vibamba, kama vina mwanya mrefu upande mmoja na tundu dogo la duara chini yake, ni vilinzi vya mtande. Mtande ni nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, na mshindio ni ule uzi unaopita katikati yake kwenda na kurudi. Kila uzi wa mtande hupitishwa kwenye tundu la kibamba chake kabla haujafika mahali pa kufumwa. Ukiwa umekazwa, kibamba kinaning'inia juu yake kama nguo kwenye kamba. Ukikatika, kibamba kinakosa cha kukishika, kinaanguka. Kwenye mashine zinazotumia umeme kwa kazi hiyo, kinagusa fito iliyopita ndani ya ule mwanya, na mashine inasimama hapo hapo. Chukua kitambaa cha upana wa mita moja chenye nyuzi 20 kila sentimita: hizo ni nyuzi 2,000 za mtande, na vibamba 2,000, kila kimoja kikichunga uzi mmoja tu. Mfumaji anakuja, anatafuta kibamba kilichoanguka, anashika ncha mbili za uzi uliokatika, anaziunga, anaiwasha mashine na kwenda kwenye nyingine.

Huyo ndiye bibi yako. Watu hudhani mfumaji wa kiwandani anafuma. Mashine ndiyo inayofuma. Yeye anatembea zamu nzima kati ya mashine kadhaa akiunga kilichokatika.

Vile vipete vya C vinatoka idara nyingine kabisa, ya kusokota. Uzi hupita ndani ya kipete, nacho hukimbia kuzunguka ukingo wa pete ya chuma iliyokizunguka kijiti cha bobini, na mbio hizo ndizo zinazoupa uzi msokoto kabla haujajiviringa. Kijiti kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kipete kinakifuata, kwa hiyo huchakaa upesi na hubadilishwa mara kwa mara. Kichukue kimoja ukitazame kwa lenzi kwenye mwanga wa dirisha. Tafuta pale mguu wake ulipokwaruzana na pete, palipolika na kung'aa. Kisha tafuta pale uzi ulipopita: kwenye vilivyofanya kazi sana kuna kijia chembamba, kimechimbwa na pamba. Uzi laini wa shati umekata chuma. Mimi nimefanya kazi ya usonara zaidi ya miaka 30 na bado jambo hilo linanisimamisha.

Sasa jiulize kwa nini mfumaji alikuwa na vyuma vya wasokotaji. Huenda alianzia huko kabla ya kuhamishwa. Huenda rafiki yake alikuwa huko. Muulize mama yako, na uulize haraka, kabla wanaojua hawajaisha.

Kuhusu bobini: kama ni nyembamba mbele na nene nyuma, ni za mshindio. Zilikaa ndani ya chombo cha mbao ngumu chenye ncha za chuma pande zote mbili, kinachorushwa kushoto na kulia katikati ya mtande. Ukikiona chombo hicho utadhani fundi wa mitumbwi wa Ukerewe amechonga mtumbwi mdogo wa kuchezea, tumbo limechimbwa na abiria wake ni uzi.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu ndipo penye jibu la kile unachosema hakipo. Ua la pamba ni la shamba. Ni la Magu, Kwimba, Maswa, ni la mkulima anayeinama kuichuma kwa mkono, anayetenganisha safi na fifi, yaani iliyo chafu, kabla ya kwenda kwenye mizani. Pamba ikishachambuliwa na kufungwa marobota, ua limekwisha. Bibi yako hakulishika kazini hata siku moja. Tena lile jeupe unalochora ni tunda lililopasuka. Ua lenyewe la mpamba ni la rangi ya maziwa siku linapochanua, na kesho yake linageuka kuwa la waridi. Usiyatupe maua yako, yauze, yanalipa kodi ya chumba. Lakini uyaite mkusanyiko wa shamba. Mkusanyiko wa kiwanda utokane na yale ambayo kiwanda kilifanya: kukaza, kurudia maelfu ya mara, kukatika, kuungwa. Ukifanya urembo wako ufanye hayo, mtu aliyewahi kusimama kwenye mashine atautambua bila kuambiwa.

Na sisi wa ukanda huu tuna haki ya kuunganisha nguo na waya kuliko wengi. Karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora kuja huku ziwani ilibeba mali za aina tatu kuliko zote: nguo, shanga na waya wa shaba. Nguo zilikuwa kaniki, na merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichopata jina lake kutokana na viwanda vya Marekani. Waya ukifika bara, mafundi waliuvuta uwe mwembamba zaidi, kisha wakauzungusha kwenye singa za mkia wa mnyama kutengeneza dodi za mikononi na miguuni. Fikiria umbo la kitu hicho: kiini laini ndani, waya umezungushwa nje kwa msokoto mmoja, zamu baada ya zamu. Ni uzi. Wazee wetu walisokota shaba kabla hatujajengewa kiwanda cha kusokota pamba. Nenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, uyatazame mapambo yao kwa macho ya fundi, si ya mgeni. Piga magoti ukiweza, uangalie ncha ya waya imefichwaje.

Viwanda vyenyewe vilikuja baadaye, na vililizunguka ziwa. Jinja kulikuwa na Nyanza Textile, jirani ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kisumu kulikuwa na Kicomi, Musoma kukawa na Mutex. Mwatex yetu ni ya miaka ya 1960, wakati ambapo ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulikuwa na nguvu. Vyama vyao vilikuwa vimeunganishwa mwaka 1955 kuwa Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Nakutajia hayo kwa sababu ya soko na kwa sababu ya moyo pia: mjukuu wa mfumaji yupo Kisumu, yupo Jinja, yupo Musoma. Ukitengeneza kitu cha kweli, watakaokielewa wapo pande zote za maji.

Kuna mtu mmoja wa mbali ninayependa kila mwanafunzi wangu amjue. Anni Albers alizaliwa Berlin mwaka 1899, akasomea ufumaji katika shule ya sanaa ya Bauhaus, akahamia Marekani mwaka 1933. Alikuwa mfumaji hasa, wa kazi kubwa. Kwenye mwaka 1940 hivi, yeye na mwanafunzi wake Alex Reed walitengeneza vidani kwa vitu vya dukani na vya jikoni: washa za chuma, vibanio vya nywele, vibanio vya karatasi, hata kichujio cha sinki kilichoning'inizwa kwa mnyororo wa vibanio vya karatasi. Walikuwa wametoka kuona dhahabu za kale za Monte Albán huko Mexico, wakajiuliza kama thamani inakaa kwenye madini au kwenye mpangilio. Ninachotaka ukione kwake ni mkono wa mfumaji. Washa zake hazikugundishwa wala kuchomelewa. Utepe unapita juu, chini, juu, chini, kama mshindio. Kitu cha bei ndogo, ila kimepangwa kwa sheria ya kitambaa.

Haya, tuje mezani.

Anza kwa kufuma waya, hata kama hutauza kipande chochote cha mwezi wa kwanza. Chukua kipande cha mbao, pigilia misumari midogo 21 upande mmoja na 21 upande wa pili, ikiachana milimita 2. Utapata upana wa sentimita 4, unaotosha bangili. Mtande uwe waya wa shaba nyekundu wa milimita 0.4, mshindio wa 0.25. Waya huo usiununue kwa bei ya duka la urembo. Nenda kwa mafundi wa kusuka mota. (Sikiliza neno hilo, kusuka. Wanaviringa shaba, na Kiswahili kimewapa kitenzi cha nyuzi na ukili.) Waya wao ni laini tayari, huhitaji kuupasha moto, na ule upako wake wa vanishi unaufanya usigeuke kijani kwenye jasho. Pale unapotaka kuchomelea, kwangua upako kwa msasa. Usiuchome, moshi wake si wa kuvuta.

Kosa utakalofanya nalijua kwa sababu nililifanya. Bangili yangu ya kwanza ya kufuma ilikuwa nzuri ikiwa bado kwenye misumari. Nilipoikata ikajikunja mawimbi kama bati lililong'olewa na upepo. Niliibeba hadi kwa mzee mmoja jirani yetu aliyewahi kuwa fundi wa mashine za kufuma. Hakuitazama bangili. Aliomba ubao, akaniambia nitande waya upya mbele yake. Nilipomaliza akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya nyuzi, mmoja mmoja, ameinamisha sikio. Zilizokaza zilitoa sauti kali. Zilizolegea zilitoa sauti nzito, nyingine hazikutoa kitu. Aligusa zile zilizolegea tu, tisa kati ya 21, hakusema neno, akanirudishia ubao. Tangu siku hiyo sijaanza kufuma kabla ya kupiga mtande ukucha. Fanya hivyo hivyo. Sikio lako litajua kabla ya jicho.

Mshindio nao usiuvute. Uulaze kwa mshazari kidogo ndani ya mtande kabla ya kuusukuma kwa kitana, ili upate urefu wa kupanda na kushuka. Ukiuvuta, pande zinaingia ndani, na katikati ya bangili inakuwa na kiuno cha nyigu. Kitana cha nywele cha plastiki chenye meno membamba kinatosha kuanzia.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye vibamba. Ninavyoiona mimi, hereni zako za kwanza ni hizi: vibamba saba vimening'inia kwenye fito moja, sita vimepangana sawa kabisa, kimoja kimeshuka sentimita moja. Basi. Usiweke shanga, usiweke rangi. Asiyejua ataona hereni zenye mpangilio wa kupendeza na kasoro moja ya makusudi. Aliyefanya kazi kiwandani ataona uzi umekatika, na mkono wake utataka kwenda kuuunga.

Usitumie vibamba vya bibi kwa hereni za kuuza. Kata vyako kutoka bati jembamba la stenlesi au la shaba ya manjano, kwa kufuata umbo lake, ila kwa ukubwa wa sikio. Kibamba cha chuma cha milimita 60 kwa 8, chenye unene wa 0.3, kina uzito wa gramu moja na ushee. Saba vinakaribia gramu 8 kwa sikio moja. Mimi sivuki gramu 10, kwa sababu nimeona masikio yaliyovutika. Kingo zote uzipitishe tupa laini kisha msasa, hata zile unazodhani hazitagusa ngozi. Kibamba chembamba kinakata kama wembe, na hereni hugusa shingo kila mvaaji anapogeuka.

Halafu usikilize sauti. Vibamba saba vikigongana vinasema kitu, na kiwandani sauti ilikuwa nusu ya maisha. Ukumbi wa mashine za kufuma una kelele ya kutosha kuharibu usikivu wa mtu. Huko Lancashire, Uingereza, wafumaji walizoea kusomana midomo na kuongea kwa ishara kwa sababu sauti ya mtu haikusikika. Waulize wenzake bibi waliitanaje wao. Wakikuonyesha ishara ya mkono, ichore siku hiyo hiyo. Ishara moja ya kweli ina uzito kuliko michoro yako yote ya maua, na wacheza ngoma wetu wenye njuga miguuni wamekwisha kutufundisha kwamba pambo linaweza kusikika kabla halijaonekana.

Sasa swali lako la ngozi. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu niliwahi kumuumiza mteja kwa kutojua. Nilimtengenezea bizimu na hereni kwa vibamba vya zamani, nikavisugua vikang'aa, nikaridhika. Baada ya siku tatu masikio yake yalivimba na kutoa upele. Vibamba vingi vya aina hiyo hupakwa nikeli au zinki visishike kutu, na nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio kwenye ngozi mara nyingi kuliko vingine. Kwa hiyo kulabu ya sikio isiwe ya chuma cha kiwandani kamwe. Tumia fedha halisi ya 925, au titani kama unaipata, au dhahabu. Kibamba cha zamani kikae mahali ambapo kuna nguo kati yake na ngozi: bizimu la kitenge, pambo la mkoba, au kidani kinachovaliwa juu ya blauzi.

Usikipashe kibamba cha zamani moto kabla hujajua kimepakwa nini. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana. Kilichopakwa zinki ukikiloweka kwenye siki kitachemka mapovu, na upako utaondoka wenyewe. Fanya nje, kisha ukioshe kwa maji yenye magadi kidogo, ukikaushe mara moja. Kilichopakwa nikeli kiache kilivyo. Kutu yenyewe huondoka kwa siki au ndimu na subira ya usiku mmoja. Chuma kikishakuwa safi, kipashe joto kidogo tu, la kuyeyusha nta, ukipake nta ya nyuki kwa kitambaa, ukifute. Kitadumu, ingawa itabidi mvaaji akipake tena baada ya miezi.

Na kuna zawadi moja chuma hicho kinaweza kukupa ambayo fedha haiwezi. Ni chuma cha springi. Kikiwa safi kabisa, bila upako wala mafuta, kiweke juu ya mchanga mkavu kwenye karai, karai juu ya jiko la mkaa, na usikiondolee macho. Kwenye nyuzijoto 220 hivi kinageuka rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na karibu na 300 kinakuwa buluu. Rangi hizo hazipakwi, zinatoka kwenye ngozi ya chuma chenyewe, na zinapita upesi. Ukiona unayoitaka, kitoe wakati huo huo. Kibamba kimoja cha buluu kati ya sita vya kijivu ndicho kiwe kile kilichoshuka. Nimejaribu kwa rangi ya kupaka, haikufika hata nusu ya uzuri huo.

Kuhusu khanga nitasema machache. Umbo lake, pindo kuzunguka, mji katikati na jina chini, ni mpangilio mzuri wa kidani, na jina linaweza kuchongwa kwa patasi kwenye bati la shaba. Lakini karibu kila meza ya urembo mjini ina vipande vya khanga na kitenge vilivyozamishwa kwenye plastiki. Ukienda huko, uende na jambo jipya, au usiende.

Mambo ya sheria ni mafupi. Vipuri vilivyo ndani ya uzio wa kiwanda, hata kama mashine zimelala, vina mwenyewe. Omba kwa maandishi, upewe kwa maandishi. Dhahabu usinunue barabarani hata ikiwa rahisi na anayeuza ni ndugu. Tangu mwaka 2019 tuna masoko rasmi ya madini, na sonara mwenye leseni ataweza kukuuzia kiasi kidogo kwa risiti. Vitu vya shaba na chuma havina shida hiyo, tena mji wetu una ukoo navyo. Makoroboi iliitwa Makoroboi kwa sababu ya mafundi waliogeuza makopo kuwa taa, na leo unapita pale pale ukitafuta doti ya khanga. Nguo na bati mtaa mmoja. Ukipata nafasi ya kuuzia, nisingetafuta mbali zaidi ya hapo.

Uliuliza uvitumie au uviache. Vihesabu kwanza. Vipige picha kimoja kimoja pamoja na rula. Vichore kwa mkono pia, maana mkono unaona vitu ambavyo simu haivioni, kama vile pembe ya tundu na mahali palipochakaa. Nusu ya vibamba virudishe kwenye kopo, kopo lenyewe usilisugue. Katika nusu nyingine tengeneza kitu kimoja, si cha kuuza, cha mama yako. Vipete vya C usivinyooshe wala kuvichomelea. Vitunge kwenye uzi wa pamba, vikiwa vimebanana, jinsi vilivyochakaa kwa tofauti zao, viwe kidani. Uzi huo ukikatika siku moja, utaungwa. Bobini usizikate, na kama zina uzi juu yake, hata wa shubiri moja, usiutoe. Hiyo ni kazi iliyoachwa katikati ya zamu, na huna haki ya kuimaliza. Nami sina.

Limebaki jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa mkusanyiko wako wote. Uzi wa mtande ukikatika, mfumaji haungi kwa fundo lolote. Kuna fundo la wafumaji, dogo, bapa, lisiloteleza, linaloweza kupita kwenye tundu la waya na kwenye meno ya kitana cha mashine bila kukwama. Bibi yako alilifunga mara nyingi kuliko alivyoandika jina lake. Na fundo hilo hilo, kwa umbile lake, ndilo linalofunga jicho la wavu. Shuka Mwaloni Kirumba asubuhi, utawakuta watengeneza nyavu wanalifunga huku wanazungumza, bila kuangalia vidole. Kaa nao. Salimia, sema wewe ni mjukuu wa nani, omba ufundishwe.

Likunje hivi. Ncha ya uzi wa kwanza ikunje iwe kitanzi, miguu miwili pamoja. Ncha ya uzi wa pili ipandishe kutoka chini ndani ya kitanzi, izungushe nyuma ya miguu yote miwili, kisha ipitishe mbele, chini ya uzi wake yenyewe, juu ya kitanzi. Kaza kwa kuvuta pande zote kidogo kidogo. Fanya kwa kamba ya katani hadi uweze ukiwa umefumba macho. Halafu kwa waya wa shaba wa milimita moja, uliopashwa hadi ukawa mwekundu hafifu kwenye giza na kuzamishwa majini, maana waya mgumu utakataa kona ya mwisho. Ukikaza ukahisi unaanza kuwa mgumu, simama, upashe tena, endelea. Mara ya tatu au ya nne lifunge kwa fedha, kwenye kijiti cha kupimia pete, miguu ya kitanzi ikizunguka kidole upande mmoja na uzi wa pili upande mwingine, fundo likikaa juu mahali ambapo wengine huweka jiwe.

Zitabaki ncha mbili zimechomoza. Kiwandani zilikatwa fupi kabisa, fundo lipite. Za pete yako usizikate. Ziache milimita 4 au 5, zizungushe kwa tupa hadi zisishike nguo, na umwambie mnunuzi azipapase.